Mwamko wa Wazazi au Mamlaka ya Wazazi? Uhakiki wa Usemi Mmoja Katika Elimu Yetu

Kila taarifa ya elimu ya wilaya ina sehemu ya matatizo, na katika kila sehemu ya matatizo kuna sentensi moja isiyokosekana: wazazi hawana mwamko. Watoto wakitoroka shule, sababu ni mwamko mdogo wa wazazi. Chakula cha mchana kikikosekana shuleni, sababu ni mwamko mdogo. Mkutano wa wazazi ukihudhuriwa na watu 20 badala ya 200, sababu ni ile ile. Usemi huu umezoeleka mno hata hauulizwi tena ushahidi. Unatamkwa na kiongozi, unaandikwa na mtendaji, unarudiwa na mwalimu, na hatimaye mzazi mwenyewe anausema juu ya jirani yake.

Madhumuni ya makala haya ni kuuhoji usemi huo. Tutajaribu kuonyesha kwamba hauelezi tatizo bali unalificha. Mzazi wa kijijini hakosi hamu ya elimu. Anachokosa ni kauli juu ya elimu ya mtoto wake. Na jambo ambalo mtu hana kauli nalo, hata ukimhimiza kwa ngoma na vipaza sauti, atalishiriki kwa mguu mmoja nje na mmoja ndani.

Tutachukua mfano wa Lutindi na wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Hatuchukui mfano huu kwa sababu hali ya huko ni mbaya kuliko kwingine. Tunauchukua kwa sababu historia ya sehemu hizo, tangu milima ya Usambara hadi nyika za Uzigua, ina mafunzo ambayo nchi nzima ingefaa kuyasoma tena.

Mambo manne ndani ya neno moja

Kwanza hatuna budi kulipambanua neno lenyewe. Tunaposema wazazi washirikishwe katika elimu tunakuwa na maana gani? Tukichunguza matendo badala ya hotuba, tunakuta kwamba neno hilo linabeba mambo manne.

Jambo la kwanza ni mikono. Wazazi wanaitwa kwenye msaragambo kubeba mawe, kuchota mchanga na kufyatua matofali. La pili ni mfuko, yaani michango ya mahindi, ya mlinzi, ya madawati. La tatu ni masikio. Wazazi wanaitwa mkutanoni kusomewa matokeo ya mtihani na kuelezwa maagizo yaliyotoka juu. La nne ni kauli, yaani kuamua. Fedha ya shule itumike wapi kwanza? Kazi ya mikono inayofundishwa iwe ipi? Mwalimu asiyeingia darasani achukuliwe hatua gani? Ratiba ya shule ilingane vipi na msimu wa kilimo?

Ofisi zetu nyingi zinataka mambo matatu ya kwanza na kulikwepa la nne. Halafu mikono inapochoka, mfuko unapokauka na masikio yanapozibwa, wanasema mwamko umeshuka. Lakini mkulima huyo huyo anayedaiwa kukosa mwamko ndiye anayeuza mbuzi wake au shina la ndizi ili mtoto aliyefaulu apate sare na godoro la kwendea sekondari. Je, mtu asiyejua thamani ya elimu hufanya hivyo? Ni dhahiri kwamba kuna mkanganyiko, na mkanganyiko huo haumo kichwani mwa mkulima.

Shule iliyozaliwa bila wazazi

Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walikuwa wametenganishwa na koo zao, na waliolelewa pale hawakuwa na baba wala mama wa kuulizwa neno. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo mpaka leo.

Hatusemi hayo ili kulaumu tendo la kuwahifadhi watoto waliookolewa. Tunayasema kwa sababu yanatuonyesha sura kamili ya wazo moja lililotawala elimu ya kikoloni hata pale ambapo wazazi walikuwepo: kwamba shule ni mahali pa kumtoa mtoto katika jamii yake, na kwamba jamii hiyo haina cha kumfundisha. Kabla ya hapo elimu ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Wajomba, mashangazi, makungwi na mafundi wa jando kila mmoja alikuwa na somo lake. Shule ya kikoloni haikuwaita watu hao hata siku moja. Iliweka mpaka, na mzazi akabaki nje ya mpaka huo akisubiri kuona mtoto atakayetoka atakuwa mtu wa namna gani.

Wananchi hawakukaa wakisubiri tu. Katika miaka ya 1950, jumuiya ya wazazi Waafrika iliyoitwa TAPA, iliyokuwa ikishirikiana na TANU, ilihimiza watu kujenga shule zao wenyewe mahali ambapo serikali ya Mwingereza haikutaka kujenga. Majengo yalikuwa ya miti na udongo, na walimu wengi hawakuwa na vyeti. Lakini aliyejenga ndiye aliyeamua. Hilo ndilo jambo ambalo wasemao kwamba mzazi wa Kitanzania hajawahi kuwa na mwamko wanalisahau, au wanapenda lisahauliwe.

Fundisho la matuta

Kuna fundisho jingine katika milima hiyo hiyo, ingawa halikutokea shuleni. Kuanzia mwaka 1946 Waingereza walianzisha huko Mlalo, na baadaye wakaueneza Usambara, mpango wa kuhifadhi udongo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta katika miteremko, na asiyelima hivyo alishtakiwa. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa na msingi, maana mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini mpango ulibuniwa ofisini, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulikuja kuwaangukia wanawake. Wakulima walipokataa, wakubwa walisema Wasambaa ni wakaidi na hawaelewi faida yao. Mpango uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na upinzani dhidi yake uliiongezea TANU nguvu katika Usambara.

Somo lake ni nini kwa elimu? Ni kwamba hata jambo jema, likija kama amri, hupokewa kama adhabu. Leo tuna sheria ya kumlazimisha mzazi ampeleke mtoto shule, na tuna sheria ndogo za faini. Hatusemi zifutwe, mtoto ana haki ambayo hata mzazi hawezi kuipokonya. Lakini wilaya ambayo silaha yake ya kwanza dhidi ya utoro ni mgambo imesahau kwamba chama kilichopigania uhuru kilipata wafuasi miongoni mwa watu waliochoka kuamrishwa kwa faida yao.

Litowa na Kwamsisi

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kuu inajulikana. Elimu tuliyorithi iliwatenga vijana na jamii yao, iliwaandaa wachache na kuwapuuza wengi, na iliufanya mtihani kuwa mungu. Akataka shule iwe sehemu ya jamii, na elimu ya msingi iwe elimu kamili, isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Uchambuzi huo ulikuwa sahihi, na kwa sehemu kubwa bado ni sahihi.

Lakini uhakiki wa haki lazima uonyeshe pia udhaifu. Andiko lilieleza vizuri kwamba shule iwe na shamba. Halikueleza kwa uzito ule ule mzazi atakuwa na mamlaka gani juu ya shule. Pengo hilo ndilo urasimu ulipoingilia. Katika shule nyingi Elimu ya Kujitegemea iligeuzwa kuwa jembe la mtoto katika shamba ambalo mapato yake mzazi hakuyajua. Falsafa ya ukombozi ikawa kibarua bila ujira, na wazazi walipolalamika waliambiwa hawaelewi siasa.

Ulikuwepo mfano mwingine. Huko Litowa, wilayani Songea, vijiji vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilikuwa na shule yao hata kabla ya andiko la 1967. Watoto wa vijiji hivyo walisoma pale na kufanya kazi pale, na shule ilikuwa ya wanavijiji kwa maana kamili ya neno. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho cha wanavijiji. Miezi 17 baadaye, Februari 1971, ndipo TANU ilipotoa Mwongozo, ambao ulitaka wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao, na ukawakemea viongozi wenye ubwana. Mtu yeyote anayeandika juu ya ushiriki wa wananchi na kuruka jambo hili anafanya propaganda, hafanyi uchambuzi. Watu wa Litowa walikuwa wametekeleza kwa vitendo lile ambalo Mwongozo ulikuja kulidai kwa maandishi. Walizuiwa kwa sababu walijiamulia bila kungoja ruhusa.

Mwaka huo huo wa 1971 jaribio jingine lilianza katika wilaya ya Handeni, kijijini Kwamsisi. Chuo cha ualimu cha Korogwe, kwa msaada wa UNICEF, kilisimamia shule ya jamii ambayo mafunzo yake yalitokana na maisha ya kijiji cha ujamaa. Mpaka kati ya shule na kijiji ulikusudiwa kuondolewa. Hili ni jaribio la heshima katika historia ya elimu yetu, na walimu waliolibuni walikuwa na fikra za kimapinduzi. Hata hivyo wazo hilo halikuja kuwa utaratibu wa kawaida wa shule zote nchini.

Kwa nini? Jibu la kikasuku litasema: mwamko. Jibu la kweli liko katika mfumo. Nje ya Kwamsisi dunia haikubadilika. Mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa mlango mwembamba wa kwendea sekondari, na katika miaka hiyo wanaopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika 10 kati ya kila wahitimu 100. Wapangaji wenyewe, watoto wao walisoma wapi? Mzazi yeyote mwenye akili timamu, akiambiwa mtoto wake apate elimu ya kijiji wakati mtoto wa mkubwa anapata elimu ya mji, atauliza kama hiyo si elimu ya daraja la pili. Swali hilo si la mtu aliyelala. Ni la mtu aliye macho kabisa. Kujenga jamii yenye usawa katika kijiji kimoja huku tabaka zikiendelea kuota kando yake ni sawa na kupanda mpunga katika tuta moja kavu.

Tulipofanikiwa

Tusiseme kwamba tumeshindwa kila mahali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kiasi cha milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, wakaamua wenyewe kitu cha kufanya katika kijiji chao, na vyoo vingi vikachimbwa nchi nzima. Kampeni ya kisomo cha watu wazima nayo iliwaingiza mamilioni madarasani, hata kwa takwimu rasmi wasiojua kusoma wakashuka hadi kiasi cha asilimia 10 mwaka 1986.

Kisomo kilikuwa na faida moja ambayo haitajwi sana. Asubuhi mtoto alikaa kwenye dawati, na jioni mama yake alikaa kwenye dawati lile lile. Mama huyo hakuiogopa shule tena. Alijua ubao unavyoandikwa, alimjua mwalimu, na aliweza kumwuliza mtoto amejifunza nini. Madarasa ya kisomo yalipodorora, shule nyingi zilipoteza njia hiyo ya kuwaleta wazazi ndani ya mlango wake bila kuwaita kuchanga.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977, na kufikia 1980 shule za msingi zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 3. Vijiji vilijenga madarasa kwa mikono yao. Lakini Sheria ya Elimu ya 1978 ilipoweka kamati za shule, kamati nyingi zilibaki vyombo vya kusimamia nguvu kazi. Tulikuwa tumeshiba mikono, tukasahau kauli.

Kutoka ada hadi elimu bila malipo

Ada ya shule za msingi iliyorudi katika miaka ya 1980 iliondolewa tena mwaka 2001, na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa 2002 ulizipa kamati za shule akaunti zao za benki. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani mara ya kwanza kamati nyingi zilishika fedha ya umma. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulileta elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 400 ilistahili basi kupata shilingi 2,400,000 mkononi mwake kwa mwaka mzima, ikiwa fedha zote zimefika.

Je, ni wazazi wangapi walioelezwa hesabu hiyo? Wengi waliambiwa neno moja tu, bure. Mzazi aliyeambiwa bure, kisha akaitwa kuchanga mahindi, ana haki ya kuuliza. Asipojibiwa, atafunga mfuko wake. Ndipo tunapoandika tena: mwamko mdogo.

Mpango wa Shule Bora, ulioanza 2022 katika mikoa 9 ukiwemo Tanga, umehimiza umoja wa wazazi na walimu, ujulikanao kwa kifupi kama UWAWA. Chombo hicho kinaweza kuwa cha maana. Kinaweza pia kuwa kamati nyingine ya kukusanya michango yenye jina jipya. Tofauti itatokana na jambo moja: kimepewa kauli, au kimepewa kapu?

Pingamizi na jibu

Wapo watakaosema: mkiwapa wazazi mamlaka, wataozesha mabinti, watawapeleka wavulana kuchunga, na matajiri wa kijiji wataiteka kamati. Pingamizi hili si la kupuuza. Wazazi si kitu kimoja. Kijijini yupo mwenye duka, mwenye ng'ombe wengi, na mjane mwenye robo eka. Mkutano ukiachwa ujiendeshe wenyewe, mwenye sauti nene atasema na mjane atanyamaza. Tena anayefuatilia madaftari ya mtoto mara nyingi ni mama, bali anayechaguliwa kwenye kamati mara nyingi ni baba.

Lakini dawa ya hatari hiyo si kurudisha mamlaka yote ofisini. Ofisi nayo ina wakubwa wake na jamaa zao. Dawa ni kuyapanga mamlaka ya wananchi vizuri ili wanyonge wayafikie, na kuiacha sheria ilinde yale yasiyojadiliwa, kama vile haki ya binti kusoma.

Kazi za wilaya

Kutokana na uchambuzi huo, halmashauri ya wilaya inayotaka wazazi washiriki kwa dhati ina kazi zifuatazo.

Kwanza, hesabu ziwe wazi. Fedha iliyoingia na iliyotumika ibandikwe ukutani na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa tarakimu na si kwa maneno ya jumla. Mchango usiombwe kabla ya hesabu ya uliotangulia kusomwa.

Pili, mkutano umfuate mzazi. Katika milima kama ya Lutindi, kupanda na kushuka kwenda shuleni kunakula nusu ya siku. Mikutano ifanyike vitongojini, baada ya kazi za shamba, na palipo na wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kisambaa au Kizigua wasionewe haya. Kinamama wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza peke yao, kisha hoja zao ziletwe kikaoni.

Tatu, ajenda isiwe ya mwalimu mkuu peke yake. Yeye ndiye katibu wa kamati, na mwenye kuandika ajenda ndiye mwenye kikao. Nusu ya ajenda itoke kwa wazazi.

Nne, elimu ya amali, ambayo Sera ya Elimu ya 2014 katika toleo lake la 2023 imeipa nafasi mpya, ianze na mafundi waliopo: mwashi, fundi wa baiskeli, mkulima wa chai, mfuga nyuki wa Handeni. Waalikwe kama walimu wa siku moja na walipwe heshima yao. Hapa ndipo tunaweza kusahihisha kosa la jembe lisilo na hesabu. Na elimu hiyo wapewe watoto wote, wa wakulima na wa wakubwa, isije ikawa Kwamsisi ya pili.

Tano, ofisa elimu wa wilaya apimwe kwa maamuzi ya wazazi yaliyotekelezwa, si kwa idadi ya mikutano iliyoitishwa. Mzazi akiona kwamba neno lake la Machi limetendeka Juni, atakuja Septemba bila kusukumwa.

Sita, darasa la jioni lirudi. Mahali pa kumzoesha mzazi shule ni shuleni penyewe, akiwa mwanafunzi.

Hitimisho

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji mfadhili. Zinahitaji kitu kigumu zaidi, nacho ni mwenye madaraka kukubali kuulizwa. Ndiyo maana zinacheleweshwa, na ndiyo maana usemi wa mwamko unapendwa: unamhamishia mkulima mzigo ambao ni wa mtendaji na wa kiongozi.

Tunapendekeza basi kwamba usemi huo upigwe marufuku katika taarifa zetu mpaka aliyeuandika ajibu maswali matatu. Wazazi wa shule hiyo waliamua nini mwaka huu? Uamuzi gani kati ya hiyo ulitekelezwa? Na nani alizuia uliobaki? Akishindwa kujibu, ajue kwamba anayehitaji kuamshwa yumo ndani ya ofisi.